Upande Wetu Ulikuwa wa Manjano

Bibi alikuja Birmingham kutoka Mombasa kiangazi kile cha ukame, na nadhani mambo yote yaliyofuata yalianzia hapo. Jua liliwaka mtaani kwetu Handsworth kama limepotea njia. Lami ya barabarani ililainika, nyasi za bustani za watu zikawa rangi ya mkeka mkuukuu, na redio ilituambia kila siku tuokoe maji. Bibi alikaa mlangoni na leso zake mbili, miguu nje, akamcheka Mama.

"Baridi yenu iko wapi? Mmenibebesha masweta bure."

"Itakuja, Mama."

"Ile ya kwenye barua zako? Mimi naona ni hadithi ya kuwatisha watoto wasitamani Ulaya."

Mama ni muuguzi, na akirudi kutoka zamu huwa hana nguvu ya kubishana. Alicheka tu akapanda ngazi kwenda kulala.

Kabla ya Bibi kuja tulikuwa wawili katika nyumba ile, mimi na Mama, tukipishana mlangoni, mmoja anaingia mwingine anatoka. Baba yuko Mombasa na mke wake mwingine. Hilo nimeliandika, sitaliandika tena. Mimi mwenyewe ni mtu wa haya, na si haya zile za kupendeza za bi harusi. Haya zangu hufunga koo. Mwalimu akinitaja jina, jibu ninalijua, lakini linakaa pale chini ya shingo kama tonge kavu, mpaka anamgeukia mwingine. Kuna wasichana darasani waliodhani sijui Kiingereza, nami sikuwa na sauti ya kuwaambia kuwa najua.

Kwa Bibi koo lilifunguka. Pengine ni kwa sababu Bibi hangoji jibu. Anauliza, anajijibu, anaupinga mdomo wake mwenyewe, na wewe ukitaka kuingia unaingia popote. Wiki ile ya kwanza nilizungumza kuliko mwaka mzima uliotangulia. Kwa hiyo nilitaka abaki, na sijawahi kutaka kitu namna ile.

Tiketi yake ilikuwa ya kwenda na kurudi, na ya kurudi iliangukia mwanzo wa baridi kali. Mama alimsihi aisogeze. Bibi hakusema ndiyo wala la. Alikuwa amekuja na bunda la ukindu wa kusukia mikeka sandukuni, akasema atamshonea Mama msala wa kuswalia, kwa sababu nyumba ambayo hakuna msala ulioshonwa ndani yake ni kambi tu.

"Ukikamilika hapa, nitajua nina mahali hapa," alisema. "Usipokamilika, hiyo ni dalili. Nami sibishani na dalili."

Tatizo lilikuwa rangi nyekundu. Alikuwa ameifunga kwenye karatasi, mafuta ya nazi yakamwagika sandukuni, ikawa tope. Msala wa Bibi hauwezi kukosa ukingo mwekundu. Hivyo ndivyo mama yake alivyoshona. Nilimwambia maduka ya Soho Road yanauza unga wa rangi wa kila aina. Hakutaka. Alisema rangi ya dukani hulia machozi ikikanyagwa na mguu wenye maji ya udhu. Basi akasuka kili, zile kanda ndefu zinazoshonwa pamoja kuwa mkeka, za rangi ya ukindu wenyewe, akazikunja, akaziweka juu ya kabati, akangoja.

Sasa mti.

Nyuma ya nyumba yetu kuna ua mdogo wa saruji, na mwisho wake ukuta mfupi wa matofali. Ng'ambo ya ukuta ni ua wa jirani wa nyuma, na karibu kabisa na ukuta, upande wake, kuna mti uitwao mepo. Jani lake limepasuka vidole vitano kama kiganja kilichofunguliwa. Matawi yake mengi yanatuangukia sisi. Katika ule ukame Bibi aliutazama akasema una kiu, na kwa kuwa redio ilikataza kupoteza maji, akaanza kutawadhia ndani ya beseni. Kila akimaliza kuswali aliyabeba maji yale akayamwaga juu ya ukuta, kwenye shina, upande wetu. Alifanya hivyo hata mvua ziliporudi. Nilimwambia sasa mti umelowa hadi mizizi. Akasema mgeni akizoeshwa chai humnyimi kwa sababu amekunywa kwa jirani.

Kisha baridi ikaja kweli. Bibi alivaa masweta yote aliyoyacheka, moja juu ya jingine, akawa hapiti vizuri kati ya jiko na meza. Na mepo ukaanza kugeuka. Kwanza ukawa kama umefifia, kisha asubuhi moja niliposhuka Bibi alikuwa amesimama kwenye dirisha la jikoni, kikombe mkononi, chai imepoa. Matawi yote yaliyotuangukia yalikuwa manjano. Si manjano ya kunyauka. Manjano ya bizari ikiingia kwenye mafuta. Ua wetu mchafu, na pipa lake la taka na kamba ya nguo, ulikuwa na mwanga kama kuna taa imewashwa nje.

"Unakufa," Bibi akasema.

"Haufi, Bibi. Kila mwaka hufanya hivi."

"Na kila mwaka mwauacha?"

Jioni ile, alipokuwa anamwaga maji yake, jirani alitoka upande wa pili kuanua nguo. Ni mama wa Kihindi, Kalasinga, aliyezaliwa Kisumu na kuishi huko mpaka alipokuja hapa na wanawe. Yeye na Bibi walikuwa wakizungumza juu ya ukuta tangu kiangazi. Bibi alimwita Mama Kisumu na alikuwa akiicheka Swahili yake, na yeye alikuwa akikicheka Kiswahili cha Bibi, akisema ni cha kuimba.

"Pole na mti wako," Bibi alimwambia. "Umekuwa manjano wote."

"Manjano wapi?" Mama Kisumu akasema. "Mti yangu iko nyekundu."

"Nyekundu? Huu?"

"Nyekundu kabisa. Kama pilipili."

Bibi akanitazama mimi, kisha akautazama mti, kisha akamtazama yeye kwa huruma. "Mama, macho yamekuanza lini?"

"Macho yangu mzuri. Wewe nakunywa nini huko? Watu ya Mombasa napenda kubishana tu."

"Mimi nabishana? Manjano hii hapa naishika!" Akachuma jani akalipunga.

Mama Kisumu naye akachuma la kwake, akanyoosha mkono juu ya ukuta. Lilikuwa jekundu. Jekundu kiasi kwamba lile la Bibi lilionekana limepauka kando yake. Wote wawili wakasimama, kila mmoja ameshika lake, kama watu waliokutana wakiwa na funguo za nyumba moja.

"Hili si la mti huu," Bibi akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Zunguka, kuja uone."

Tukazunguka. Ni mwendo wa kuifuata barabara yetu hadi pembeni, kupita uchochoro wenye mapipa, na kugonga mlango wa mbele wa watu ambao tulikuwa tukiwaona migongo tu. Bibi alivaa koti la Mama juu ya masweta yake. Mama Kisumu alitupitisha jikoni kwake, mahali paliponukia iliki na pasi ya moto, akafungua mlango wa nyuma.

Sijui nitaandikaje. Nilikuwa nimeishi nyuma ya mti ule miaka mitatu, nikautazama kila siku nikiosha vyombo, na sikuwahi kuuona. Upande wa pili ulikuwa mwekundu wote, kuanzia matawi ya juu mpaka yale yaliyogusa kamba ya nguo, na jua la jioni lilikuwa linauingia kutoka mgongoni mwetu. Shuka nyeupe zilizoanikwa zilikuwa zimepata wekundu. Mkono wa Bibi ulikuwa mwekundu. Kati ya matawi niliweza kuona dirisha letu la jikoni, dogo, na manjano yetu mbele yake, ambayo kutoka huku ilikuwa kama bitana tu ya nguo.

"Subhanallah," Bibi akasema polepole. Akakaribia, akakifungua kiganja chake karibu na jani moja, vidole kwa vidole. "Umepakwa hina. Mkono mmoja umepakwa, mmoja haujapakwa."

Halafu nikamwona anageuza macho chini, kwenye shina, upande wa ukuta, na uso wake ukabadilika.

"Upande wako hukuumwagilia?" akamuuliza Mama Kisumu.

"Mimi? Mti iko mkubwa, najitafutia."

Bibi alitembea mbele yangu njia nzima ya kurudi. Alikuwa amebeba majani mekundu kwenye pindo la koti. Mama Kisumu alimruhusu achume atakavyo. Tulipofika nyumbani akasema, "Mimi ndiye niliyeuharibu. Palipopata maji yangu pamekosa rangi."

Na ukitazama, hesabu yake ilikuwa sawa. Upande uliomwagiliwa manjano, upande usiomwagiliwa nyekundu. 

Kesho yake akayachemsha yale majani kwenye sufuria ya pilau. Alikuwa na matumaini. Niliyajua kwa jinsi alivyokuwa akiimba puani. Maji yakawa rangi ya chai ya rangi yenye haya kidogo ya waridi. Akatia magadi, kama afanyavyo kwao kuifanya rangi ishike, na maji yakageuka mbele ya macho yetu, yakawa kijani cha bwawa. Bibi akaruka nyuma. Akachukua limau akalikamua kwa hasira, nadhani alitaka tu kufanya kitu, na maji yakarudi. Wekundu ulipanda kutoka chini ya sufuria, ukapita katikati ya ule uchafu, ukatanda wote.

Tukatazamana.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona."

"Tia magadi tena."

Nikatia, yakawa kijani. Akakamua limau, yakawa mekundu. Tulirudia mpaka limau likaisha, na Mama alipoamka akatukuta tumeinamia sufuria kama watoto, akauliza tunapika nini.

Lakini ukindu haukuikubali ile rangi. Ulitoka na waridi hafifu, na ulipokauka ukabaki na rangi ya kikombe kisichooshwa vizuri. Bibi aliutazama, akaukunja, akaurudisha juu ya kabati. Kisha, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtu anayeomba chumvi, akamwambia Mama apige simu kwa watu wa ndege, ahakikishe siti yake ipo.

"Mama, kwa sababu ya rangi?"

"Kwa sababu nimeuliza swali na nimejibiwa."

Mama alinitazama mimi, kama kwamba mimi ningeweza kufanya kitu. Na nilipokuwa kitandani nikijaribu kulia nikashindwa, nikafikiri kwamba jibu lile lilikuwa la uongo. Sikujua ni uongo kwa namna gani. Nilijua tu kwamba maji hayawezi kufanya upande mmoja wa mti uwe manjano, na kwamba kuna mtu mmoja ninayemfahamu ambaye angeweza kuniambia kwa nini.

Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa mzee mwenye koti lililojaa chaki mifukoni. Baada ya somo nilibaki. Nilikuwa nimelipanga swali langu kwa Kiingereza safi tangu kwenye basi. Nilipofika mbele ya meza yake koo likafunga, kama kawaida. Basi nikatoa majani mawili kwenye kitabu, la manjano na jekundu, nikayaweka mbele yake.

Akayatazama. "Mti mmoja?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Hili lilikuwa upande wa jua, na hili kivulini?"

Nilikuwa sijawahi kufikiri hivyo. Nikaiona nyumba yetu, ua wetu wa saruji ambako nguo hazikauki, shuka za Mama Kisumu zenye jua. Nikatikisa kichwa tena.

Akavuta kiti akaniambia nikae. Alisema jani lina manjano yake tangu linapofunguka, ila kijani huifunika. Mti ukiona siku zinafupika, huivunja ile kijani na kuvirudisha ndani ya matawi vitu vyake vya thamani, na manjano inabaki wazi, pale pale ilipokuwa siku zote. Lakini nyekundu si hivyo. Nyekundu haikuwepo. Hutengenezwa sasa hivi, siku za mwisho, kwa sukari iliyobaki ndani ya jani wakati kikonyo chake kinaanza kuzibwa, na haitengenezwi bila jua. Mchana mkavu wenye mwanga na usiku wa baridi isiyo ya kugandisha, mti unawaka. Mawingu na mvua, unafifia. Ndiyo maana mwaka huu si kama mwaka jana, na tawi hili si kama lile. Na kuna miti mingine, alisema, haijui kabisa kutengeneza nyekundu, hata uipe jua la dunia nzima.

Hapo koo likafunguka lenyewe. "Kwa nini ujisumbue? Kama jani linaanguka?"

Akacheka, akajipaka chaki kwenye paji la uso. "Hilo sijui. Sidhani kuna anayelijua sawasawa."

Nilikuwa sijawahi kusikia mwalimu akisema sijui kwa furaha namna ile. Akaniambia nikatazame pale jani moja lilipolilalia jingine.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Kisumu, na sare zangu za skuli, nikagonga, nikazungumza. Aliniachia ngazi. Na nikaliona: jani jekundu, na katikati yake umbo la manjano la jani jingine, vidole vyote vitano, kivuli cha jirani yake kilichobaki hapo kama alama ya mkono ukutani. Nilipanda vipandio viwili zaidi nikaona jingine, na jingine. Mti mzima ulikuwa umeandikwa vivuli vyake wenyewe. Ngazi ikatikisika, Mama Kisumu akaishika chini.

"Nini huko? Nyoka?"

"Hapana, mama."

"Basi shuka, mimi nazeeka hapa."

Sikutaka kumpelekea Bibi maneno ya mwalimu. Bibi hupinga maneno. Kwenye tawi la chini, la upande wa jua, yalikuwepo majani yaliyochelewa, bado ya kijani. Nikachukua karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya chai, nikaikata kwa mkasi wa kucha: ua, vikonyo viwili, vitone vya pembeni, kama Bibi anavyochora kiganjani kwa mabibi harusi. Nikavibana vipande juu ya majani yale kwa vibanio vya nywele. Kisha nikasubiri. Mvua ikanyesha, mawingu yakakaa. Bibi akaanza kupanga nguo zake sandukuni, moja moja, bila haraka. Nilikuwa nikiamka na kutazama mbingu kabla ya kutazama saa.

Halafu zikaja siku za jua kali lisilo na joto, zile ambazo pumzi yako unaiona mbele yako na bado unafumba macho kwa mwanga. Nilijilazimisha nisiende. Nilipoenda, nilichuma moja bila kulifungua, nikalileta nyumbani na karatasi yake, nikaliweka kwenye kiganja cha Bibi.

"Fungua."

Akakitoa kibanio. Karatasi ikaanguka. Jani lilikuwa jekundu kama hina ya usiku mzima, na juu yake, kwa manjano safi, lilikuwapo ua, na vikonyo, na vitone.

Bibi alilileta karibu na macho. Aliligeuza nyuma, akaligeuza mbele. Akapitisha kidole kuona kama ni rangi iliyopakwa.

"Nani amechora?"

"Mimi nimeziba jua tu. Palipoona jua pamejipaka penyewe."

"Na hii manjano?"

"Ilikuwamo. Tangu ulipokuja ilikuwamo, chini ya kijani. Nyumba yetu inakinga jua, Bibi. Ndiyo maana upande wetu. Si maji yako."

"Maji yangu hayakufanya kitu?"

"Hayakufanya kitu."

Nilidhani atafurahi. Alionekana ameonewa kidogo. "Nimetawadhia mti miezi yote hii, na haukunitambua?" Kisha akaanza kucheka, mabega yakatikisika ndani ya masweta, akacheka mpaka akakaa. Alipomaliza alilishika jani juu, kwenye dirisha, mwanga ukapita.

"Unajipamba ukijua unavuliwa," akasema. "Wa kufa hafanyi hivi. Huu una ahadi na mtu." Akaliweka juu ya meza, akaunyoosha mkono wake kando yake. "Nataka kuuona ukirudi. Mwambie mamako tiketi isogezwe. Mimi siwezi kusimulia Mombasa hadithi ya nusu."

Baridi ile ilimtesa, nisiseme haikumtesa. Alikaa mbele ya jiko la gesi na blanketi, akamtukana kila aliyewahi kuisifu Ulaya. Rangi nyekundu alinunua Soho Road mwishowe, akazichovya humo kili za ukingo akilalamika kuwa ni nyekundu ya peremende, na msala akaumaliza. Mama huuswalia. Ukingo hulia machozi kidogo, kama alivyosema, na nyayo za Mama hutoka na waridi. Maji ya udhu aliendelea kuyamwaga kwenye shina la mti usio na hata jani moja, akijua hayafanyi kitu.

Majira ya kuchipua yalipofika, aliniita asubuhi kabla sijavaa viatu. Tulisimama kwenye ukuta. Machipukizi yalikuwa yamepasuka, na ndani ya kila moja kulikuwa na jani dogo lililokunjwa kama ngumi ya mtoto mchanga. Yalikuwa mekundu. Yote. Upande wetu, kivulini, mekundu.

"Yatageuka kijani," nikasema.

"Najua yatageuka. Mimi nauliza kwa nini yamezaliwa nayo."

"Sijui, Bibi."

"Basi leo kamuulize mwalimu wako. Na usiende na majani mkononi kama bubu. Nenda na mdomo."

Nilikwenda na vyote viwili.